Lobelia Hazikuwa na Kiu

Siku ya nne ya joto kali, saa tisa alasiri, nilikuta lobelia zangu, maua madogo ya buluu, zimelala. Vilikuwa vyungu sita vya plastiki nyeusi, nimevipanga mstari mmoja mbele ya ukuta, na kila kimoja mashina yake yameanguka ukingoni kama nguo mbichi juu ya kamba. Asubuhi ile ile zilikuwa zimesimama, buluu tupu, nyuki wamejaa. Nikachukua ndoo na kumwagilia mpaka maji yakatokea chini. Kesho yake zikalala mapema zaidi, saa sita kamili. Nikamwagilia tena. Kufika siku ya saba majani ya chini yamekuwa ya njano, na ukishika shina pale linapoingia udongoni, linateleza.

Shangazi yangu alikuja siku hiyo. Ni mtu aliyeishi na maua tangu ujana wake, na hana haraka. Hakuyatazama maua yenyewe. Aliingiza kidole kwenye udongo wa chungu cha kwanza, upande wa nje unaopigwa na jua la alasiri, akakiacha humo kidogo. Kisha akakitoa, akakiingiza upande wa pili.

"Mwanangu, ua hili halina kiu," akasema. "Limeungua miguu."

"Limeunguaje shangazi, na mimi nalijaza maji kila siku?"

"Hayo maji ndiyo yanayolichemsha."

Akakipindua chungu juu ya kiganja, akakigonga kitako, udongo wote ukatoka mzima ukiwa na umbo la chungu. Nilichokiona hapo ndicho kilichobadilisha namna yangu yote ya kulima maua. Upande mmoja wa udongo ule mizizi ilikuwa myeupe, laini kama nyuzi za pamba, imesambaa kila mahali. Upande mwingine, ule wa jua, ilikuwa ya kahawia, na niliposhika mmoja na kuuvuta, ngozi yake ilivuka yote ikabaki vidoleni, na ndani ukabaki uzi mwembamba kama unywele. Mpaka kati ya pande hizo mbili ulionekana wazi, kana kwamba mtu ameuchora kwa rula. Nusu ya mmea ilikuwa imeshakufa na mimi nikaendelea kuimwagilia.

Baada ya shangazi kuondoka nilitafuta kipimajoto chenye sindano, kile cha jikoni, nikaanza kupima. Saa tisa alasiri, hewa kivulini ilikuwa nyuzi joto 31. Katikati ya chungu kimoja kati ya vilivyobaki, nyuzi 38. Upande wa jua, sentimita 2 kutoka kwenye plastiki, nyuzi 46. Nikaenda kwenye tuta lililo chini ya mti, nikachoma sindano kwenye udongo uliofunikwa majani makavu: nyuzi 24. Nilirudia mara tatu kwa kuwa sikuamini. Umbali kati ya chungu na tuta ni hatua kumi na mbili.

Kwa mimea mingi ya bustani, mizizi huacha kukua udongo ukikaribia nyuzi 38, na juu ya hapo huanza kuumia. Chungu cheusi kilichoachwa juani kinaweza kupita nyuzi 50 upande unaopigwa na jua, hata siku ambayo mtu hahisi kwamba joto limezidi. Mmea ulio ardhini haukutani na jambo hilo, maana udongo wa ardhini una kina, na joto la mchana haliwahi kushuka chini sana kabla ya usiku kuja kulipoza. Chungu hupigwa na jua juu na ubavuni, na sakafu nayo hukipasha kutoka chini. Ukiongeza na ukuta nyuma yake, kama nilivyofanya, basi ukuta unakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku.

Na huo usiku ndio uliokuwa unamaliza kazi. Mmea hutengeneza sukari mchana kwa mwanga, kisha hupumua mchana na usiku, na kupumua huko kunakula sukari ile. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo usiku ukiwa wa baridi, mmea unabaki na akiba ya kutengenezea machipukizi na maua. Usiku ukiwa wa moto, unaamka asubuhi umeshatumia karibu kila ulichochuma jana. Ndiyo maana pansi, ua lingine lisilopenda joto, usiku ukiwa wa moto hutoa maua madogo, na vikonyo vyake hurefuka na kulegea, wala hazina ugonjwa wowote. Tangu nilijue hilo, ninapotaka kujua kama lobelia zitapona, nauliza usiku umefika nyuzi ngapi kabla ya kuuliza mchana ulikuwaje.

Ninaposema maua yasiyostahimili joto, nina maana ya ile mimea ya msimu mmoja kama lobelia, pansi na viola, nemesia, antirinamu, mathiola, alisamu, kalendula, nasturtiamu, na ile Lathyrus odoratus, jamaa ya njegere inayopandwa kwa ajili ya harufu yake. Nilizoea kusikia watu wakiiita mimea dhaifu, mimea ya kudekezwa. Sikubaliani na neno hilo. Angalia inakotoka. Nemesia strumosa asili yake ni jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi ni kikavu. Lathyrus ilipelekwa Uingereza mwaka 1699 kwa mbegu zilizotumwa na mtawa Francesco Cupani kutoka Sicily, na Sicily nako mvua huja na baridi. Kule mbegu huota mvua zikianza, mmea hukua polepole kipindi cha ubaridi, unachanua, na jua kali linapofika umeshamaliza kazi, mbegu ziko chini zinasubiri. Kwa mmea wa namna hiyo, joto ni taarifa kwamba mwaka umekwisha. Lobelia inapoacha kuchanua siku zikiwa kali, inafanya kile ambacho mababu zake walifanya siku zote. Mimi ndiye niliyeipanda kwa kalenda ya mimea mingine.

Pansi ina historia tofauti kidogo, na naipenda kwa sababu ni historia ya mkono wa mtunza bustani. Ile tunayoipanda leo, yenye ua pana na doa jeusi katikati kama uso wa mtu, haikuwepo porini. Ilitokana na kuchanganya viola za porini za Ulaya, kazi iliyoshika kasi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Mmoja wa waliojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni William Thompson, aliyetunza bustani ya Lord Gambier kule Iver. Viola mama ni mimea ya majani mabichi na hewa baridi, na mtoto hakuisahau asili hiyo. Uso ule mpana umeongezwa na watu, lakini mizizi bado inataka udongo wa baridi.

Sasa nieleze ninachofanya, nikianza na vyungu, maana huko ndiko nilikoumia.

Vile vyeusi vyembamba sivitumii tena juani. Nilivyobaki navyo nimevipaka rangi nyeupe kwa nje, na kipimajoto kilinionyesha tofauti siku ile ile. Vyungu vya udongo wa mfinyanzi visivyopakwa rangi ya kung'aa ni bora zaidi, kwa kuwa maji hupenya ukutani mwake polepole na kuondoka na hewa, na kadiri yanavyoondoka ndivyo chungu kinavyopoa, kama mtungi wa maji ya kunywa. Gharama yake ni kwamba hukauka haraka, na anayevitumia lazima avitembelee kila siku. Vile vilivyopakwa rangi hiyo vinang'aa vizuri lakini havipumui, kwa hiyo kwa jambo hili navihesabu kama plastiki.

Ukubwa una maana kuliko watu wanavyodhani. Chungu chenye kipenyo cha sentimita 30 hakibebi udongo mara mbili ya kile cha sentimita 15. Kama umbo ni lile lile, kinabeba mara 8. Udongo mwingi huchelewa kupata joto na huchelewa kukauka, na mizizi iliyo katikati inapata mahali pa kukimbilia. Lobelia tano katika chungu kimoja kikubwa zinaishi vizuri kuliko lobelia tano katika vichungu vitano. Kwa viola, ambazo ni ndogo, mtu hushawishika kuzipanga kwenye makopo madogo mazuri madirishani. Nimefanya hivyo, zilidumu wiki mbili.

Njia ninayoitegemea zaidi siku za joto ni ya chungu ndani ya chungu. Nachukua chungu cha plastiki chenye mmea, naweka ndani ya chungu kikubwa cha mfinyanzi, nafasi inayobaki pembeni, kama upana wa vidole viwili, naijaza mchanga, kisha naulowesha mchanga huo kila asubuhi. Vyote viwili lazima viwe na matundu chini. Jua hupiga chungu cha nje, mchanga mbichi unapoza, na wa ndani hajui kinachoendelea. Alasiri ya kwanza nilipopima, udongo wa ndani ulikuwa nyuzi 29 wakati chungu cha jirani yake kilichosimama peke yake kilikuwa nyuzi 39. Nilikaa pale chini nimeshika kipimajoto kama mtu aliyepokea barua njema.

Asiye na vyungu vya kutosha avikusanye pamoja. Vikisogeleana, kimoja humpa mwenzake kivuli cha ubavuni, na majani hutunza unyevu kati yao. Weka ile mimea inayopenda jua upande wa magharibi wa kundi, na zile pansi katikati. Inua vyote juu ya vipande vya matofali ili hewa ipite chini na sakafu isivipashe.

Kuhusu mahali, kanuni yangu ni moja: jua la asubuhi, kivuli cha alasiri. Masaa manne hadi sita ya jua la asubuhi yanatosha kuchanusha karibu maua yote niliyoyataja. Yakikosa kabisa jua, pansi hurefuka shingo na kutoa majani tu, kwa hiyo kuyaficha ndani ya kivuli kizito si dawa. Ukuta unaotazama mashariki ni rafiki, unaotazama magharibi ni tanuri. Vyungu vyangu sita vya mwaka ule vilikuwa mbele ya ukuta unaotazama magharibi, na nilivipanga hapo kwa sababu vilipendeza kutokea mlangoni. Kama huna pa kuvihamishia, tumia neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga, na uifunge juu kabisa kuliko mimea, angalau nusu mita, hewa ipite. Neti iliyolala juu ya majani inahifadhi joto.

Maji nayo yanahitaji maneno, maana ndiyo niliyoyatumia vibaya.

Mmea ukilala mchana haimaanishi kiu. Siku ya joto kali majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata udongo ukiwa umelowa, na mmea hulegeza majani ili yapate jua kidogo. Jioni hujiinua wenyewe. Kwa hiyo nasubiri. Nikiona umelala saa tisa, naingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Kama kuna unyevu, siongezi hata tone, nausogeza kivulini tu. Kama bado umelala asubuhi na mapema kabla ya jua kuchomoza, hapo kuna neno: ama udongo umekauka kweli, ama mizizi imeanza kuoza. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, kwa hiyo mizizi iliyokaa kwenye tope la moto inakosa pumzi, na vimelea vya kuozesha kama Pythium hupata nafasi. Pansi zina adui mwingine, kuvu wa mizizi myeusi anayeitwa Thielaviopsis, naye huonekana zaidi pale pansi zinapopandwa mapema udongo ungali na joto. Ndiyo maana ukikuta pansi imedumaa, majani yana njano, na maji yapo ya kutosha, ipindue uangalie mizizi kabla ya kuiongezea mbolea.

Namwagilia alfajiri. Maji yanaingia udongoni ungali wa baridi, mmea unaanza siku umeshiba, na majani yaliyolowa yanakauka mapema. Kama unatumia mpira, yaache maji ya mwanzo yamwagike pembeni kwanza. Mpira uliolala juani unabeba maji ya kuunguza mkono, na yale ya mwanzo ndiyo huenda moja kwa moja kwenye mizizi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ni kosa linalofanywa na mtu mwenye nia njema kabisa.

Na kuna udongo unaojifanya umelowa. Mchanganyiko wa vyungu wenye mboji nyingi au makumbi ya nazi ukikauka kabisa husinyaa, ukaachana na ukuta wa chungu, na ukimwagilia maji hupita pembeni yote, yakatoka chini kwa kasi. Unaona maji yametoka, unaridhika, kumbe katikati ni kukavu. Kinyanyue chungu. Kikiwa chepesi baada ya kumwagiliwa, kiweke kwenye beseni la maji kwa nusu saa, kinywe kutoka chini mpaka juu pawe na unyevu, kisha kitoe kichuruzike. Kunyanyua chungu kumenifundisha zaidi kuliko kutazama.

Tutani kazi ni nyepesi zaidi. Ardhi yenyewe inakusaidia. Naweka mboji, nachimbua vizuri ili mizizi iende chini, kisha baada ya kupandikiza nafunika kwa matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 5, nikiacha wazi kiduara kidogo kuzunguka kila shina ili lisioze. Siku moja nilipima sehemu mbili za tuta moja, moja ina matandazo na nyingine nimeisahau wazi: nyuzi 25 na nyuzi 35, kwenye kina cha vidole viwili. Tofauti ya nyuzi 10 kwa majani ambayo ningeyafagia.

Maua mafupi nayapanda mashariki mwa mimea mirefu, ili kivuli cha alasiri kiyaangukie. Chini ya mti ni pazuri pia, lakini chunguza mizizi ya mti wenyewe. Kuna miti yenye mizizi ya juujuu ambayo hunywa kila unachomwaga, na lobelia iliyopandwa hapo inakufa kwa kiu halisi. Nilichimba mashimo matatu kabla ya kupata mahali ambapo sepetu ilishuka bila kukata mzizi.

Alisamu ndiyo ninayoipanda pembeni mwa tuta kila mwaka. Huchanua wiki 6 hadi 8 tu baada ya kupanda mbegu, inatambaa, inafunika udongo kama matandazo hai, na harufu yake ya asali inakuja jioni jua likizama. Ukipata nafasi ya kupanda ua moja tu kati ya haya, panda hilo.

Joto likishafika, swali linakuwa: ukate au ung'oe? Kwa lobelia na alisamu, nakata. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Nilikamata shada lote la lobelia kwa mkono wa kushoto kama mtu anayekamata nywele, nikakata kwa mkasi nusu yake nzima, na vipande vya buluu vikamwagika miguuni. Kilichobaki kilikuwa kisiki cha vijiti vya kahawia, na kwa siku kumi nilikuwa nikikipita bila kukitazama. Nilikiweka kivulini, maji kiasi, bila mbolea. Siku ya kumi na nane, nilipoinama kuokota jani, niliona chini kabisa, kwenye kila kifundo cha kijiti, nukta ya kijani ndogo kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo nilipokipa mbolea ya maji, nusu ya kipimo cha kawaida. Usiku ulipoanza kupoa, chungu kile kilichanua tena, na kilichanua wiki saba.

Mbolea ndani ya joto ni hatari kwa mimea hii. Naitrojeni nyingi hulazimisha machipukizi laini ambayo mizizi iliyochoka haiwezi kuyalisha, na vidukari huyafuata hayo hayo. Chumvi za mbolea nazo hubaki kwenye chungu kinachokauka kila siku, zikaunguza mizizi. Siku za joto napumzisha mbolea kabisa. Nageuza majani na kuangalia chini yake, hasa kama kuna vumbivumbi la njano juu ya jani, kwa sababu utitiri mwekundu hupenda joto na ukavu. Kunyunyiza maji chini ya majani asubuhi mfululizo kwa siku kadhaa huwapunguza.

Mathiola siikati. Hiyo inahitaji wiki kadhaa za ubaridi ili itengeneze vichwa vya maua, na ikizikosa huendelea kutoa majani tu, manene na mazuri, bila ua hata moja. Ukiona hivyo ndani ya joto, iache nafasi kwa mmea mwingine. Lathyrus pia, ikishaanza kukauka kutoka chini, haigeuki. Kabla ya hapo inaweza kurefushiwa maisha kwa kuchuma maua kila siku mbili, kwa maana ikishapata ganda moja lililokomaa inaona imemaliza. Mbegu zake zinafanana na njegere lakini zina sumu, kwa hiyo kama kuna watoto, mweleze kila mmoja na usiziache wazi.

Kung'oa bado kunaniuma, siwezi kusema vinginevyo. Lakini tangu nilipokubali kwamba mmea umemaliza mwaka wake, nang'oa nikiwa na mche wa zinia au portulaka mkononi, mimea inayofurahia lile jua linalowaua wenzake. Tuta halibaki tupu hata siku moja.

Jambo lililobaki ni hesabu ya siku, na ndilo gumu kuliko yote. Pansi kutoka mbegu mpaka ua la kwanza huchukua wiki 12 hadi 16. Ina maana kama unataka zichanue ubaridi unapoanza, lazima uatike joto lingali kali, na mbegu za pansi zenyewe huota vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 20, ukipita 25 nyingi hukataa. Kwa hiyo trei za miche zinalala ndani, sakafuni, pembe yenye baridi kuliko zote, mbegu zimefunikwa udongo mwembamba kwa kuwa zinapenda giza. Lobelia ni kinyume chake: mbegu zake ni vumbi, gramu moja hubeba zaidi ya mbegu 20,000, nazo zinataka mwanga. Nazichanganya na kijiko cha mchanga mkavu, nazinyunyiza juu ya udongo uliolowa tayari, na sizifuniki. Maji yanaingia kutoka chini, kwa sahani, maana tone moja kutoka juu linazikusanya zote pembeni.

Anayeishi mahali pa juu asinifuate neno kwa neno. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, na mwenye bustani mlimani anaweza kuwa na lobelia mwaka mzima bila kipimajoto wala mchanga. Mwingine anaishi mahali ambapo usiku haupoi kamwe, naye ningemshauri aanze na alisamu na antirinamu fupi, na aache lobelia mpaka azoee.

Wiki iliyopita shangazi alikuja tena. Trei tatu ziko sakafuni, mbili zimeota. Aliinama akazitazama kwa muda, akaingiza kidole kwenye ile isiyoota, kisha akaisukuma taratibu kwa mguu, kama hatua moja, mbali na mlango ambako jua la asubuhi linagusa sakafu. Leo asubuhi nimehesabu vichwa vya kijani humo. Viko kumi na nne.